Pitch Smart kwa mapitcha wachanga wa Dar: jedwali zuri, lakini halihesabu kila kitu

Pitch Smart ni mwongozo wa bure unaosomwa mtandaoni. Ulitolewa mwaka 2014 na MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, kwa kushirikiana na USA Baseball, shirikisho la taifa la besiboli huko. Unamwelekeza kocha kijana wa umri fulani arushe mara ngapi kwa siku, na apumzike siku ngapi kabla ya kupanda tena kwenye kilima cha pitcha, yaani tuta analosimama mrushaji. Hapa tunaupima kwa mazingira ya Dar es Salaam, ambako timu ya shule huwa na gunia moja la vifaa, mapitcha wawili au watatu, na kocha ambaye asubuhi alikuwa darasani anafundisha Jiografia.

Tunaupa nyota 4 kati ya 5. Jedwali lake ni la kutoa nakala leo hii na kulibandika kwenye boksi la vifaa. Nyota ya tano tumeizuia kwa sababu mwongozo umemlenga mtoto aliyeanza kurusha akiwa darasa la kwanza, katika timu yenye mapitcha wengi. Vijana wetu wengi wanaishika besiboli kwa mara ya kwanza kidato cha kwanza au cha pili, na mambo yanayowaumiza mengine hayamo kwenye jedwali.

Jedwali lenyewe, kwa umri unaotuhusu, linasema hivi. Miaka 11 hadi 12, mwisho mirusho 85 kwa siku. Miaka 13 hadi 14, mwisho 95. Miaka 15 hadi 16, pia 95. Miaka 17 hadi 18, mwisho 105. Miaka 19 hadi 22, mwisho 120. Mapumziko nayo yana ngazi zake. Kwa walio chini ya miaka 15, mirusho 1 hadi 20 haidai siku ya kupumzika. 21 hadi 35 inadai siku 1. 36 hadi 50 siku 2. 51 hadi 65 siku 3. 66 na kuendelea siku 4. Kwa miaka 15 hadi 16 ngazi zinapanda kidogo: mpaka 30 hakuna siku, 31 hadi 45 siku 1, 46 hadi 60 siku 2, 61 hadi 75 siku 3, na 76 kwenda juu siku 4. Miaka 17 na 18 inafanana na hiyo, isipokuwa siku 3 zinaanzia 61 hadi 80, na siku 4 zinaanzia 81.

Kosa la kwanza ni la kusoma. Siku ya kupumzika ni siku nzima ya kalenda, si saa 24. Kijana wa miaka 16 aliyerusha 50 Jumatatu anadaiwa siku 2, yaani Jumanne na Jumatano, na anarudi Alhamisi. Makocha wengi huihesabu Jumatatu yenyewe kuwa siku ya kwanza, wakampandisha Jumatano. Kosa la pili ni la kuhesabu. Kila mpira uliorushwa kwa mpigaji unahesabiwa, ukiwemo uliopigwa ukatoka nje ya mistari. Na kama kikomo kimefika mpigaji akiwa bado yupo, kanuni ya Little League, ligi ya besiboli ya watoto ya Marekani, ambayo ilianza kuhesabu mirusho mwaka 2007, inamruhusu pitcha ammalize mpigaji huyo kisha atoke. Tunaona ni utaratibu mzuri wa kufuata hata hapa, kwa sababu unaondoa ubishi katikati ya mchezo.

Mbali na jedwali kuna maagizo ambayo watu huyaruka. Kijana wa miaka 13 hadi 18 asizidishe iningi 100 (vipindi vya mechi, ambavyo kila timu hupiga mara moja) kwa miezi 12. Apate angalau miezi 4 kwa mwaka bila kurusha kwenye mashindano, na ndani yake miezi 2 hadi 3 mfululizo asirushe kabisa kwa mkono wa juu. Asiwe pitcha na kecha (mdakaji wa mipira ya pitcha) katika mechi moja. Akishatolewa kilimani, asirudishwe. Ajifunze kwanza mpira wa kasi, kisha ule wa kubadili mwendo, na mipira ya kupinda ije baadaye.

Namba hizi hazikuokotwa barabarani. Taasisi ya utafiti wa tiba ya michezo ya ASMI, iliyoko Birmingham, Alabama, iliwafuatilia vijana 481 wa miaka 9 hadi 14 kwa miaka 10, ikakuta kuwa waliozidisha iningi 100 kwa mwaka walikuwa na hatari ya kuumia vibaya mara 3.5 ya wenzao. Utafiti mwingine wa hapohapo, uliochapishwa mwaka 2006, uliwalinganisha vijana waliofanyiwa upasuaji wa bega au kiwiko na wasioumia. Waliozoea kurusha huku mkono umechoka walikuwa na uwezekano wa kufika chumba cha upasuaji mara 36 zaidi. Waliorusha kwenye mashindano zaidi ya miezi 8 kwa mwaka, mara 5. Tazama tofauti ya 36 na 5: uchovu una uzito kuliko kitu kingine chochote, na ndicho kitu ambacho jedwali la umri haliwezi kukiona.

Udhaifu wake unaonekana hata kule ulikotoka. Ligi ndogo za Marekani, ambako mapitcha hupikwa kabla ya kupanda MLB, zina timu 120 katika ngazi 4, na chini yake kuna ligi za Arizona, Florida na Jamhuri ya Dominika kwa wanaoanza. Tangu 2021 timu za ngazi hizo 4 kwa kawaida hucheza mechi 6 na mpinzani mmoja, Jumanne hadi Jumapili, na Jumatatu ni mapumziko, hivyo pitcha anayeanza mechi hupanda kilimani kama mara moja kwa wiki. Iningi zake za mwaka huongezwa polepole, na pembeni kuna kocha wa mapitcha na mtaalamu wa viungo. Pamoja na yote hayo, upasuaji wa Tommy John, ule wa kuunda upya kano ya ndani ya kiwiko, ulipanda kwa wachezaji wa MLB na ligi ndogo kutoka 104 mwaka 2010 hadi 314 mwaka 2020, na mwaka 2024 ulikuwa 281. Ripoti ya MLB yenyewe ya Desemba 2024 ilielekeza kidole kwenye kukimbizana na kasi na kurusha kila mpira kwa nguvu zote. Wastani wa kasi ya mpira wa moja kwa moja kwenye MLB ulikuwa kilomita 147 kwa saa mwaka 2008; mwaka 2024 ukafika karibu 152.

Maana yake kwa kocha wa Dar ni kwamba mirusho 60 ya kijana anayerusha kwa kiasi si sawa na mirusho 60 ya kijana anayekunja uso kila mpira ili apate sifa za jukwaani. Pitch Smart inazihesabu sawa.

Sasa tuje kwenye mashindano, maana hapo ndipo mwongozo unapolipa. Besiboli ya shule hapa nchini imekuja kwa mkono wa Wajapani. Mashindano ya taifa yanaitwa Tanzania Koshien, na uwanja wake Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2018, uko Shule ya Sekondari Azania. Pamoja na nidhamu na kuinamiana salamu, imekuja pia hadithi ya pitcha mmoja anayeibeba shule nzima mgongoni. Huko Japani, Daisuke Matsuzaka alirusha mirusho 250 katika mechi moja ya iningi 17 mwaka 1998. Mwaka 2018 Kosei Yoshida alirusha 881 katika mashindano ya kiangazi ya Koshien, yale ya taifa ya shule za sekondari Japani, peke yake. Wajapani wenyewe walistuka, na kuanzia 2020 shirikisho la besiboli la sekondari likaweka kikomo cha mirusho 500 kwa wiki kwa pitcha mmoja.

Pima kikomo hicho na Pitch Smart kwa mfano wa mashindano ya siku 4, mechi moja kila siku, iningi 7. Mapitcha wanaojifunza hutumia kama mirusho 18 kwa iningi, kwa kuwa mipira mingi hutoka nje ya eneo la straiki (nafasi halali ya kupita mpira mbele ya mpigaji). Hiyo ni 126 kwa mechi, na 504 kwa siku 4. Yaani kwa kanuni ya 500 kijana mmoja angeweza kuyamaliza mashindano karibu yote akiwa peke yake. Kwa Pitch Smart, mapitcha wawili wa miaka 16 hawawezi kabisa, hata upange vipi. Watano wanatosha vizuri, na mpango wenyewe ni huu, tukiwaita A hadi E. Jumatatu A arushe 60, B 45, C 21. Jumanne D arushe 95 na C 31. Jumatano B, ambaye amepumzika siku yake 1, arushe 60, na E 66. Alhamisi A anarudi baada ya siku 2 na anaweza kwenda mpaka 95, na C anamalizia 31. Kila siku inatoka 126. Sehemu dhaifu ya mpango ni C kupanda Jumatatu na Jumanne mfululizo. Jedwali linaruhusu kwa kuwa Jumatatu hakuzidi 30, lakini ukiwa na pitcha wa sita, mpe yeye iningi za Jumanne. Siku 3 mfululizo hapana, hata kama ni mirusho 10 kila siku.

Ndiyo maana tunasema faida kubwa ya mwongozo huu kwa shule za Dar ni kwamba unamlazimisha kocha atengeneze mapitcha 5 au 6. Pitcha wa tano hatokei siku ya mashindano. Inabidi miezi 3 kabla apewe iningi moja moja kwenye mechi za kirafiki, afungwe, ajifunze. Tafuta mwenye kurusha kwenye eneo la straiki mara 6 katika 10 kabla ya kutafuta mwenye mkono wa moto. Asiye na kasi lakini hatoi besi za bure (mpigaji kupewa besi ya kwanza kwa sababu ya mipira mibaya) anamaliza iningi kwa mirusho 12, na mwenye moto asiyejua mpira unakwenda wapi anatumia 28.

Vifaa vya kuhesabia havina gharama kubwa. Tasbihi ya kidijitali ya kuvaa kidoleni, zile zinazouzwa Kariakoo, inafanya kazi hii bila tatizo. Ina kasoro mbili: kitufe cha kufuta kiko karibu na kile cha kuhesabia, na kidole chenye jasho kinabonyeza mara mbili. Kwa hiyo anayehesabu asiwe yuleyule anayeandika matokeo, na kila iningi ikiisha aandike namba kwenye karatasi kabla ya kitu kingine. Wahesabuji wa timu mbili wakutane kila baada ya iningi walinganishe. Wakitofautiana kwa 1 au 2, chukueni namba kubwa. Wakitofautiana kwa 6, mmoja wao alikuwa kwenye simu.

Halafu kuna mirusho isiyohesabiwa. Utafiti uliofanywa kwa mapitcha wa sekondari Florida ulikuta kama asilimia 42 ya mirusho ya siku ya mechi haikuingia kwenye hesabu, kwa sababu ni ya kupasha kabla ya mechi na kati ya iningi. Fanya hesabu kwa kijana wako: mirusho 80 ya mechi kwa iningi 5, mirusho 8 ya kupasha kila iningi ambayo ni 40, na 30 kabla ya mechi. Mkono umefanya kazi mara 150, karatasi inasema 80. Kupunguza ni rahisi. Kati ya iningi mpe 5 badala ya 8, na mbili za kwanza zisiwe za nguvu. Kabla ya mechi 20 hadi 25 zinatosha kwenye joto la Dar. Mwezi Januari saa 8 mchana misuli haihitaji kupashwa sana, inahitaji maji na kivuli. Ugonjwa mkubwa zaidi ni wa mechi iliyochelewa. Kijana amepasha saa 4 asubuhi, wageni wamekwama kwenye foleni, mechi inaanza saa 5 na nusu, anapasha upya. Pitcha asiguse mpira mpaka timu zote mbili ziwe uwanjani na mwamuzi awe amevaa.

Kecha naye anasahauliwa. Katika mechi ile ya mirusho 126, kecha anarudisha karibu mipira yote, kisha anarusha besi ya pili kwa nguvu zote kila mpinzani anapoiba besi, yaani anapoikimbilia wakati pitcha anarusha. Kwenye timu nyingi za shule, mwenye mkono wenye nguvu ndiye pitcha, ndiye kecha, na akitoka kilimani anapelekwa shotistopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, anayerusha sana. Mpangilio tunaoupendekeza ni kumpeleka besi ya kwanza baada ya kurusha, au akae benchi na aandike matokeo.

Kisha kuna michezo mingine. Msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kijana huyohuyo anaweza kuwa timu ya mpira wa mikono, au anarusha mkuki, au anapiga mashuti kwenye wavu. Mwongozo unazungumzia kurusha kwa mkono wa juu kwa ujumla, na mambo haya yote yamo, lakini jedwali halina mahali pa kuyaandika. Ongeza safu moja kwenye karatasi yako: mchezo mwingine, siku gani. Siku ya mazoezi ya mpira wa mikono isihesabiwe kuwa ni siku ya kupumzika. (Na msimu wa embe, jihadhari na wanaoangusha maembe kwa mawe. Hatutanii, ni mirusho ya nguvu, juu, bila kupasha.)

Kuhusu umri, tunapingana na mwongozo waziwazi. Jedwali linauliza ana miaka mingapi. Halimuulizi amerusha kwa muda gani. Kijana wa miaka 17 aliyeanza miezi 5 iliyopita anaruhusiwa mirusho 105. Misuli yake ni ya mtu mzima, na kano zake hazijazoea kazi hii hata kidogo. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko kwa mtoto wa miaka 12, kwa kuwa huyu ana nguvu za kujiumiza. Kanuni yetu: msimu wa kwanza, umri wowote, mwisho ni 50 kwa siku na atumie ngazi za mapumziko za walio chini ya miaka 15. Msimu wa pili mwisho 75. Msimu wa tatu ndipo aingie kwenye jedwali la umri wake. Na umri wenyewe utoke kwenye cheti cha kuzaliwa, si mdomoni.

Miezi 4 ya mapumziko, ambayo makocha wa nchi zenye ukame na joto huilalamikia, kwetu inajipanga yenyewe kwa mvua. Machi hadi Juni usiweke mechi. Aprili na Mei, masika ikiwa imekolea na uwanja ni tope, asirushe kabisa. Akimbie, afanye mazoezi ya miguu na kiuno. Juni anaanza upya, na hapa ndipo wengi huharibu kwa kurudi moja kwa moja kilimani. Mpango wa wiki 8 unatosha. Wiki ya 1 mita 15, mirusho 25 mara mbili, siku 3 kwa wiki. Wiki ya 2 mita 20. Wiki ya 3 mita 27, umbali wa besi hadi besi. Wiki ya 4 mita 35, mpira ukienda kwa upinde wa juu, si kwa kulazimisha. Wiki ya 5 kilimani mirusho 15, mpira wa kasi tu, nguvu za wastani. Wiki ya 6 mirusho 25. Wiki ya 7 mirusho 35 pamoja na mpira wa kubadili mwendo. Wiki ya 8 iningi moja dhidi ya wapigaji. Akisikia maumivu wiki yoyote, anarudi wiki moja nyuma, haruki mbele.

Jambo ambalo Pitch Smart haligusi na linatupa shida ni kilima. Kilima cha kawaida kina kimo cha sentimita 25.4, kibao cha pitcha kina sentimita 61 kwa 15, na mteremko unaanza sentimita 15 mbele ya kibao ukishuka kama sentimita 2.5 kwa kila 30. Kutoka kibao hadi ncha ya nyuma ya besi ya nyumbani ni mita 18.44. Kichanga cha Dar hakikai. Kilima cha mchanga kinachimbika pale mguu wa mbele unapotua, kama mita 1.4 hadi 1.6 kutoka kibao, na kufikia iningi ya 3 kuna shimo. Mguu ukitua shimoni, goti linakunjika zaidi, kiuno kinachelewa, na mkono unabaki nyuma ukijaribu kufidia peke yake. Mirusho 40 kwenye shimo inachosha kuliko 60 kwenye kilima kizuri. Dawa ni udongo wa kichuguu, ule unaojulikana kwa viwanja vya tenisi. Chimba sehemu ya kutua sentimita 10 kwenda chini, jaza udongo wa kichuguu wenye unyevu kidogo, tabaka la sentimita 3 kwa 3, kila tabaka lishindiliwe. Ukitaka kuchanganya na mchanga, sehemu 2 za kichuguu kwa 1 ya mchanga. Baada ya mchezo nyunyiza maji, shindilia, funika kwa turubai. Ukiacha wazi, jua linaupasua.

Kwa walioanza mwaka huu, sogeza kibao hadi mita 16.5 mazoezini. Kijana mfupi wa kidato cha kwanza akilazimishwa mita 18.44 anaurusha mpira juu kama anatupa jiwe ng'ambo ya mto, na mtindo huo ukishaingia hautoki kirahisi.

Mpira nao upimwe. Uzito halali ni gramu 142 hadi 149. Mpira wa ngozi ulionyeshewa au ulioviringika kwenye majani yenye maji unanywa maji na kuzidi hapo, na mizani ya jikoni inaonyesha. Iliyolowa ianikwe kivulini na iwe ya kupigia tu mpaka ikauke.

Anayetafuta programu ya kumkuza pitcha hataipata kwenye Pitch Smart. Imeeleza kikomo, haikueleza kazi. Kwa timu yenye mechi moja Jumamosi, wiki inaweza kwenda hivi: Jumapili kukimbia taratibu na mazoezi ya bega, bila mpira. Jumatatu miguu. Jumanne kurushiana mara 30 hadi mita 27. Jumatano kilimani mirusho 25, yaani 15 ya kasi na 10 ya kubadili mwendo, kwa nguvu ya robo tatu. Alhamisi kurushiana kidogo. Ijumaa mara 15 za karibu, basi. Angalizo: aliyerusha 76 au zaidi Jumamosi akiwa na miaka 15 au 16 bado anadaiwa mpaka Jumatano, kwa hiyo kilima chake kinasogezwa Alhamisi na kinakuwa mirusho 15.

Mazoezi ya bega hayahitaji bendi za mpira za kuagiza. Kata tyubu ya baiskeli, ondoa kipande chenye valvu kwa sababu ndipo panapokatikia, upate ukanda wa mita 1.2. Funga kwenye nguzo usawa wa kiwiko. Kunja taulo dogo, libane kati ya kiwiko na mbavu, vuta kwenda nje mara 15, kisha ndani mara 15, seti 2 kila upande. Taulo likianguka, tyubu ni nzito mno au anatumia mgongo badala ya bega.

Kuhusu mashine ya kupimia kasi, ASMI inashauri vijana wasiitumie, na tunakubali. Tunajua kishawishi kinatoka wapi: Ben Serunkuma na Umar Male wa Uganda walisajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, na David Matoma, pitcha mwingine wa Uganda, akaenda Pittsburgh Pirates. Kila kijana anataka kujua yeye ni kilomita ngapi. Ukiiweka mashine uwanjani, mirusho 25 ya robo tatu inageuka 25 ya nguvu zote.

Bado kuna uchovu, ambao hauna safu kwenye jedwali lolote. Anayehesabu aangalie pia haya: mipira inaanza kupaa juu na kuelekea upande wa mkono unaorusha, kiwiko kinashuka chini ya usawa wa bega, anachukua muda mrefu kati ya mrusho na mrusho, anatingisha mkono au kuusugua. Dalili 2 kwa pamoja zinatosha kumtoa hata akiwa na mirusho 35. Maumivu ya msuli juu ya mkono au mgongoni, yanayoisha kwa siku 2, ni ya kawaida. Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko si ya kawaida hata siku moja. Kwa wa miaka 9 hadi 14 huwa ni pale mfupa unapokulia, na kwa wakubwa huwa ni kano. Asirushe, na apelekwe akapigwe picha. MOI pale Muhimbili ndiyo hospitali ya mifupa. Kuchuliwa, kufungwa bandeji na kurudishwa iningi ya 5 hakutibu kitu. Na vidonge vya diklofenaki vya duka la dawa, vinavyomezwa asubuhi ya mechi ili mkono utulie, vipigwe marufuku kwenye timu, kwa sababu vinazima ile dalili moja ambayo kocha asiye na mashine anaitegemea.